Hesabu Ndogo Katika Damu

(Hotuba iliyotolewa Karatu, kwenye mkutano wa wanafunzi wa zamani)



Mimi ni mtumishi wa Serikali, si daktari. Lakini nimekaa katika misiba, hapa Karatu na kule juu Ngorongoro, ya watu waliofikishwa Moshi kwa kansa ya utumbo mpana wakati umekwisha kupita.

Zamani ilidhaniwa si ugonjwa wetu. Mwaka 1971 Daktari Denis Burkitt, aliyekuwa mpasuaji Uganda, aliandika kwamba ni haba Afrika kwa sababu ya chakula chetu chenye makapi mengi. Mwaka 2022 dunia ilipata wagonjwa wapya zaidi ya milioni 1.9, na sisi tumo.

Sasa vijana, sikilizeni biolojia. Mwaka 1863 Rudolf Virchow wa Ujerumani alieleza kuwapo kwa chembe nyeupe za damu ndani ya uvimbe wa kansa. Mwili hupambana na uvimbe kama unavyopambana na kidonda, na dalili za vita hivyo huonekana katika damu. Mara nyingi neutrofili huongezeka na limfosaiti hupungua. Gawanya za kwanza kwa za pili: 6,000 kwa 1,500 ni 4. Uchunguzi wa nchi nyingi umeonyesha kwamba wagonjwa wa kansa hii wenye jibu kubwa kabla ya kupasuliwa, kwa wastani, huishi muda mfupi zaidi. Madaktari wa Glasgow hutazama protini mbili: CRP ikizidi miligramu 10 kwa lita, na albumini ikiwa chini ya gramu 35, hatari ni kubwa zaidi.

Uzuri wake ni urahisi: kuhesabu chembe za damu ni kipimo cha kawaida, nacho humsaidia daktari kujua nani afuatiliwe kwa karibu.

Lakini tusikosee. Hesabu hii haigundui kansa. Malaria, kifua kikuu na brusela ya maziwa mabichi nazo huvuruga damu. Kansa huthibitishwa kwa kukata kipande cha uvimbe na kukitazama kwa darubini. Tena, wastani wa wengi si hukumu ya mtu mmoja.

Ndugu zangu, mzee akiona damu chooni, au akikonda bila sababu, asiambiwe ni bawasiri tu. Hesabu hizi humfaa aliyefika hospitali. Aliyebaki nyumbani hazimsaidii kitu. Kijana uliyesoma, mshike mkono mzee wako, umpandishe basi mapema.