Usipoziba Ufa: Historia ya Nyumba ya Duka ya Kilosa na Somo Lake kwa Fremu za Mikumi

Mada iliyotolewa kwa wajumbe wa kamati za parokia za Kilosa na Mikumi. Tunaichapisha kwa ajili ya wajumbe ambao hawakuweza kuhudhuria na kwa wafadhili wetu.



Nimeombwa nizungumze juu ya majengo madogo ya biashara. Najua wengi mnasubiri habari za ramani mpya na makadirio ya gharama. Kabla ya kufika huko, naomba tutembee kidogo katika mtaa wa maduka ya zamani pale Kilosa mjini. Tuitazame ile nyumba ya duka ambayo wengi wetu tumenunua ndani yake sukari, chumvi na kibiriti bila kuinua macho kuona ilivyojengwa. Swali langu la leo ni moja: jengo dogo la biashara hudumu kwa sababu gani, na huharibika kwa sababu gani? Kwa kamati yenye vyumba vya kupangisha, au inayoandika andiko la kuomba fedha za kujenga vyumba hivyo, swali hili linahusu mapato ya miaka mingi ijayo.

Reli ilivyoleta duka

Bonde la mto Mkondoa lilikuwa njia ya misafara ya kwenda bara muda mrefu kabla ya kuwapo mji tunaoujua. Stanley alipita katika bonde hilo mwaka 1871 akimtafuta Livingstone. Baadaye Wajerumani waliweka boma Kilosa. Lakini kilichobadilisha sura ya mji ni reli ya kati. Ujenzi wake ulianzia Dar es Salaam mwaka 1905, ukafika Morogoro mwaka 1907 na Tabora mwaka 1912. Kilosa ilifikiwa kati ya miaka hiyo.

Palipo na stesheni pana mzigo, na palipo na mzigo pana duka. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza tayari kulikuwa na mashamba makubwa ya pamba na ya mkonge katika wilaya hii. Waingereza waliutwaa mji Agosti 1916, mkonge ukaendelea kupanuka, na watu wa makabila mengi wakaja kutafuta kazi. Mkata mkonge alikuwa na kipande, yaani kadi ya kazi ya siku 30. Mshahara ulilipwa kipande kilipojaa. Kabla ya hapo mtu alihitaji unga, mafuta ya taa, sabuni na kitenge cha mama watoto. Hapo ndipo mwenye duka alipoingia na daftari lake la madeni. Wenye maduka wengi walikuwa Wahindi, na Waarabu pia walikuwapo. Waliuza bidhaa zilizoshushwa kwenye treni, na wakanunua mazao ya wakulima yaliyopakiwa kwenye treni hiyo hiyo.

Nyumba ilivyojengwa

Sasa tuitazame nyumba yenyewe. Nazungumzia aina ya nyumba, ile iliyoenea katika miji yote ya kando ya reli.

Kwanza ni msingi. Sakafu imeinuliwa juu ya usawa wa barabara, na unapanda ngazi mbili au tatu kuingia. Katika mji ulio kando ya mto Mkondoa hilo ni jambo la maana sana. Mwishoni mwa Desemba 2009 na Januari 2010 mto ulivunja tuta, maji yakaingia mjini, maelfu ya watu wakakosa makazi, na reli ikaharibiwa vibaya kati ya Kilosa na Gulwe. Nyumba ya tope iliyokaa chini haiwezi kushindana na maji ya namna hiyo. Nyumba yenye msingi wa mawe ulioinuliwa ina nafasi ya kubaki imesimama.

Pili ni baraza. Paa limeteremshwa mbele likashikwa na nguzo, likatoa kivuli kati ya mlango na barabara. Kivuli hicho kinazuia jua lisipige ukuta na mvua isiingie dukani. Pia ni mahali pa kazi. Fundi cherehani anakaa hapo, mteja anasubiri hapo, na wazee wanazungumza hapo. Mwenye duka hakumtoza fundi cherehani kodi kubwa, maana aliyeleta kitambaa kushonewa alinunua na uzi dukani.

Tatu ni kuta na paa. Kuta ni nene, za mawe au matofali ya kuchoma, zimeunganishwa na kupigwa lipu kwa chokaa. Paa ni la bati, liko juu, na chini yake kuna matundu ya kupitisha hewa ya moto itoke. Milango ya mbele ni ya mbao nzito yenye mabawa, hufunguka upana wote wa duka asubuhi na kufungwa kwa komeo usiku.

Nne, na hili ndilo naomba mlikumbuke, nyuma ya duka kuna nyumba. Ukipita kaunta unaingia stoo, ukipita stoo unaingia vyumba vya kulala, halafu ua wenye jiko, choo na mahali pa kukingia maji ya mvua. Mwenye mali alilala chini ya paa lile lile lililofunika magunia yake ya sukari. Tone moja likianguka usiku, alilisikia. Asubuhi alimwita fundi, kwa sababu sukari ikilowana hasara ni yake, na mtoto akilowana ni wake pia.

Ndugu zangu, huo ndio mfumo wa ukarabati wa nyumba ya duka. Haukuwa na kamati wala bajeti. Ulikuwa na mtu mmoja aliyelala chini ya paa lake.

Mwenye kusikia tone alipoondoka

Baada ya Azimio la Arusha mwaka 1967 biashara ya nchi ilianza kuingia mikononi mwa umma. Shirika la Biashara la Taifa, STC, lilishika biashara ya jumla, na kuanzia mwaka 1973 yakaja makampuni ya biashara ya mikoa, yaani RTC. Mwaka 1976 ilifuata Operesheni Maduka, ambapo maduka ya watu binafsi vijijini yalitakiwa kutoa nafasi kwa maduka ya ushirika.

Majengo nayo yaliguswa. Sheria ya Aprili 1971 ilitaifisha majengo yaliyozidi thamani ya shilingi 100,000 ambayo mwenyewe hakuyatumia yote, na kuyaweka chini ya Msajili wa Majumba. Duka dogo ambalo mwenyewe aliishi ndani halikulengwa. Hata hivyo familia nyingi za Kihindi ziliona dalili, zikafunga mizigo na kuhama. Nyumba zikabaki na mpangaji, au msimamizi, au ndugu wa mbali.

Sisemi haya kwa kuhukumu sera ya wakati ule. Sera hiyo ilikuwa na sababu zake, na wapo wapangaji waliopata nafuu kubwa. Nasema kuhusu paa. Mpangaji hakutaka kutengeneza mali isiyo yake. Msimamizi alitakiwa kuandika barua na kusubiri. Kisha ikaja miaka ya mwanzo ya 1980, miaka ya foleni na uhaba, hata bati na saruji havikupatikana kwa urahisi. Mwaka 1983 ilipoendeshwa vita dhidi ya walanguzi, mwenye stoo iliyojaa alikuwa na hofu kuliko mwenye stoo tupu. Ni nani angetumia fedha kukarabati duka katika hali hiyo?

Mwaka 1990 Msajili wa Majumba aliunganishwa na Shirika la Nyumba la Taifa. Biashara huria ilikwisha kurudi, lakini paa lililovuja kwa miaka kumi na mitano halikurudi lenyewe. Mbao zilikuwa zimeliwa na mchwa, na kuta zimekunywa maji.

Fremu za Mikumi

Tuhamie Mikumi, maana ndugu zetu wa huko wanaweza kudhani habari hizi haziwahusu. Mikumi nayo ina reli, ile ya tawi kutoka Kilosa kwenda Kidatu. Hata hivyo mji wake wa biashara umekua zaidi kwa barabara kuu ya kwenda Iringa na Zambia, na kwa wageni wa Hifadhi ya Taifa iliyoanzishwa mwaka 1964. Jengo lake la biashara ni fremu: vyumba vinne, vitano au kumi kwenye mstari mmoja, kila kimoja na mlango wa chuma unaotazama barabara.

Fremu ina faida zake. Ni rahisi kujenga, na kila chumba kina mpangaji wake. Lakini hakuna anayelala ndani. Mwenyewe anaweza kuwa Morogoro au Dar es Salaam, au anaweza kuwa ni kamati ya parokia inayokutana mara moja kwa mwezi. Mara nyingi haina baraza la maana, kwa hiyo jua la mchana linapiga mlango wa chuma na muuza dawa anahangaika na joto. Bati liko chini, halina matundu ya hewa. Paa likivuja katika chumba cha tatu, mpangaji wa chumba cha kwanza hajui, na mpangaji wa tatu anasogeza meza.

Kwa hiyo fremu mpya inazaliwa na ugonjwa ambao nyumba ya duka iliupata uzeeni, yaani kukosa mtu wa kusikia tone. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Tatizo letu ni kwamba tumejenga majengo ambayo hakuna mwenye wajibu wa kuutazama huo ufa.

Tufanye nini?

Napendekeza mambo matano kwa kamati zetu.

1. Kila jengo liwe na mtu wake. Aandikwe jina katika muhtasari wa kikao, apewe ngazi, na apande kulikagua paa mara mbili kwa mwaka: Oktoba kabla ya vuli, na Februari kabla ya masika. Azibue gata, akaze misumari, atazame mchwa, kisha atoe taarifa kikaoni.

2. Sehemu ya kodi ibaki kwenye jengo. Tuchukue mfano wa fremu nne, kila moja shilingi 50,000 kwa mwezi. Jumla ni 200,000. Mkitenga sehemu moja ya kumi, mnapata 20,000 kwa mwezi, sawa na 240,000 kwa mwaka. Haitoshi kujenga, lakini inanunua bati na kumlipa fundi kabla mbao hazijaoza.

3. Mkataba wa mpangaji useme wazi nani anatengeneza nini, na mpangaji anayetoa taarifa ya kuvuja mapema ashukuriwe, asionekane msumbufu.

4. Ukuta wa chokaa utengenezwe kwa chokaa. Mafundi wengi hupiga saruji juu ya ukuta wa zamani wakidhani wanauimarisha. Saruji huzuia unyevu kutoka, unyevu unapanda ndani ya ukuta, na baada ya misimu michache lipu inabanduka pamoja na uso wa tofali. Mtakuwa mmelipa ili kuharibu.

5. Msibomoe kwa haraka wala msijenge kwa haraka. Treni za reli mpya ya kisasa zimekuwa zikibeba abiria hadi Dodoma kupitia Kilosa tangu mwaka 2024, na mwenye kiwanja katikati ya mji asishangae akipata mnunuzi. Fahamuni kwamba Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda yenyewe majengo ya kabla ya 1886 tu. Mengine mpaka yatangazwe. Maduka yaliyokuja na reli hayamo. Yakilindwa, yatalindwa na wenyewe. Pigeni picha, pimeni vyumba, mwiteni mhandisi, halafu ndipo mwamue. Kwa Mikumi, kumbukeni kuwa Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 ilipanua hifadhi ya barabara kuu kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande. Pimeni kabla ya kuchimba msingi, msije mkajenga mahali pa kuwekewa alama ya X.

Ndugu wafadhili, kwenu nina ombi moja. Jiwe la msingi hupigwa picha, na picha hiyo huwekwa kwenye taarifa. Gata iliyozibuliwa haipigwi picha. Kamati ikileta andiko la kukarabati paa la jengo la miaka themanini, msilione kuwa dogo mno au la kizamani mno. Na ikileta andiko la jengo jipya, ulizeni kwenye ukurasa wa kwanza: ni nani atapanda juu ya paa hili mwaka wa kumi? Kama jina halipo, rudisheni andiko hilo kwa upole, lijazwe.

Jengo dogo la biashara halihitaji mengi. Linahitaji msingi ulio juu ya maji, kivuli mbele ya mlango, hewa chini ya bati, na mtu anayejua kwamba likivuja ni yeye wa kuulizwa. Tatu za kwanza ni kazi ya fundi. Ya nne ni kazi ya kikao chenu kijacho, na haigharimu hata shilingi moja.