Hukumu ya Mahakama ya Kijeshi na Pensheni ya Nyumbani



Mazungumzo haya tumeyaandaa kwa ajili ya familia zenye askari katika majeshi ya Marekani, zikiwamo za ndugu zetu waliohamia huku kutoka Afrika Mashariki na Kongo. Katika nyingi ya nyumba hizo, yule aliyevaa sare ndiye tegemeo la wote, wa hapa na wa kule kwao. Anaposhtakiwa mbele ya mahakama ya kijeshi, huulizwa swali moja kwanza: atafungwa kwa muda gani? Swali la pensheni huulizwa baadaye, na mara nyingi huulizwa likiwa limekwisha kujibiwa.

Tuanze na jambo linalokosewa na wengi. Kupatikana na hatia peke yake hakumnyang'anyi askari pensheni yake. Kinachoiondoa ni adhabu ya kufukuzwa jeshini. Askari wa vyeo vya chini huweza kufukuzwa kwa mwenendo mbaya, au kwa kuvunjiwa heshima, ambayo ndiyo adhabu nzito zaidi. Afisa huondolewa utumishini kwa hukumu iliyo sawa na hiyo. Mahakama kuu ya kijeshi ina uwezo wa kutoa adhabu zote hizo. Mahakama maalumu haiwezi kupita kufukuza kwa mwenendo mbaya, wala kifungo cha zaidi ya mwaka mmoja. Ile ndogo kabisa, inayoendeshwa na afisa mmoja, haina uwezo wa kumfukuza mtu.

Sasa tutazame hesabu yenyewe. Pensheni ya jeshi hupatikana kwa kawaida baada ya miaka 20 ya utumishi. Aliyeingia kabla ya 2018, na hakuchagua mpango mpya ulioanza mwaka huo, hupata asilimia 2.5 kwa kila mwaka. Yaani asilimia 50 ya wastani wa miezi 36 ya mshahara wake wa juu. Katika mpango mpya ni asilimia 2 kwa mwaka, pamoja na akiba ambayo serikali huichangia. Tuchukue mfano wa sajini mwenye miaka 19 na miezi kadhaa, ambaye wastani wake ni dola 5,000 kwa mwezi. Akifika miaka 20 atapokea dola 2,500 kila mwezi maisha yake yote, bila kuhesabu nyongeza za gharama za maisha. Kwa miaka 30 ni dola 900,000. Akifukuzwa kabla ya siku hiyo, hapati hata senti ya pensheni, wala hakuna sehemu ndogo inayolipwa kwa ile miaka 19. Akiba aliyojiwekea mwenyewe hubaki yake. Zaidi ya hapo, mkono mtupu.

Ndiyo maana tunasisitiza jambo moja kuliko mengine yote tutakayoyasema. Kesi nyingi humalizika kwa makubaliano: mshtakiwa hukiri kosa, naye huahidiwa mpaka wa adhabu. Familia hufurahi kusikia kwamba kifungo kimeshuka kutoka miezi 18 hadi minne, wala haiulizi kama makubaliano hayo yanazuia kufukuzwa. Kwa maoni yetu, kwa askari aliyekaribia miaka 20, mstari huo mmoja una uzito kuliko miezi yote ya kifungo. Mwulizeni wakili kabla ya kutia sahihi, na ombeni jibu la maandishi.

Aliyekwisha kustaafu naye asijione amevuka mto. Mstaafu wa jeshi la kudumu anayelipwa pensheni bado yumo chini ya sheria za kijeshi, na anaweza kuhukumiwa na kupoteza hadhi hiyo pamoja na malipo yake. Hata asiyefukuzwa anaweza kupunguziwa. Askari wa vyeo vya chini aliyeshushwa cheo kwa hukumu hupoteza faida ya ule wastani wa miezi 36. Pensheni yake hukadiriwa kwa mshahara wa cheo alichostaafu nacho.

Kabla ya pensheni, familia huguswa na mshahara. Kifungo cha zaidi ya miezi sita, au kifungo cha muda wowote kikiambatana na kufukuzwa, hukata mshahara kwa nguvu ya sheria: wote pamoja na posho ikiwa ni mahakama kuu, theluthi mbili za mshahara ikiwa ni mahakama maalumu. Makato huanza siku 14 baada ya hukumu kutolewa. Kamanda aliyeitisha mahakama anaweza kuruhusu fedha hizo zilipwe kwa mke, mume au watoto kwa muda usiozidi miezi sita. Ombeni mapema, kwa maandishi, mkiambatisha hati ya kodi ya nyumba na gharama za watoto. Siku 14 ni chache.

Mafao ya Idara ya Maveterani yana kanuni zake, nayo hayafuati pensheni moja kwa moja. Aliyefukuzwa na mahakama kuu ya kijeshi huzuiwa na sheria, isipokuwa ikithibitika kwamba hakuwa na akili timamu alipotenda kosa. Aliyefukuzwa na mahakama maalumu hazuiwi papo hapo: idara huchunguza mazingira ya kesi yake, na tangu Juni 2024 kanuni zinataka mambo zaidi yazingatiwe, kama vile afya ya akili na dhuluma alizotendewa. Tumewaona watu wasiopeleka maombi kwa kuwa rafiki aliwaambia hawatapata kitu. Tena, askari aliyemaliza kipindi kimoja kwa heshima, akajiandikisha upya, kisha akafukuzwa katika kipindi cha pili, anaweza kudai mafao ya kile cha kwanza. Na yule anayelipwa fidia ya ulemavu akifungwa zaidi ya siku 60 kwa kosa kubwa, malipo yake hupunguzwa kuanzia siku ya 61. Sehemu iliyokatwa inaweza kuombwa na familia yake.

Wako pia wake na waume wanaonyamaza wakipigwa, kwa hofu kwamba wakisema, mwenzi atafukuzwa na nyumba nzima itakosa chakula. Sheria imewafikiria. Askari akifukuzwa kwa kosa la kumdhulumu mwenzi au mtoto, familia inaweza kupewa malipo ya mpito kwa miezi 12 hadi 36, pamoja na matibabu na haki ya kununua katika maduka ya jeshi. Malipo hayo hukoma mwenzi akiolewa au kuoa tena, au akirudi kuishi na aliyemdhulumu. Na ikiwa askari huyo alikuwa amekwisha kutimiza miaka ya pensheni, mahakama ya talaka inaweza kumwamulia mwenzi fungu lake, nalo likalipwa ijapokuwa askari mwenyewe hapati tena kitu.

Kwa wahamiaji kuna hatari nyingine. Aliyepata uraia kwa njia ya utumishi wa jeshi, kisha akaachishwa bila heshima kabla ya kutimiza jumla ya miaka mitano ya utumishi mwema, anaweza kunyang'anywa uraia huo. Wakili wa kesi ya kijeshi huenda asilitaje jambo hili. Mtafuteni pia anayejua sheria za uhamiaji.

Hukumu ya kufukuzwa haitekelezwi mpaka rufaa zimalizike. Baada ya hapo, zipo bodi. Bodi ya kupitia namna ya kuachishwa hupokea maombi kwa fomu DD 293 ndani ya miaka 15, lakini haigusi hukumu za mahakama kuu. Bodi ya kusahihisha kumbukumbu za kijeshi hutumia fomu DD 149; muda wake ni miaka mitatu, nao unaweza kusamehewa. Haifuti hatia. Inaweza kulegeza adhabu kwa huruma tu, na huruma hiyo huweza kubadili hati ya kuachishwa. Msamaha wa Rais nao haurudishi mafao wenyewe: Juni 2024, Rais Biden alipowasamehe waliohukumiwa zamani kwa mahusiano ya hiari ya jinsia moja, kila mmoja alitakiwa kuomba cheti, kisha kwenda bodini kuomba hati yake ibadilishwe.

Katika shida hizo ndipo hujitokeza wauza matumaini. Hakuna aliyeruhusiwa kisheria kutoza ada kwa kuandaa dai la kwanza kwa Idara ya Maveterani. Mawakili na wakala walioidhinishwa huweza kulipwa baada tu ya uamuzi wa kwanza kutolewa, na ada inayozidi theluthi moja ya malimbikizo huhesabiwa kuwa si ya haki mpaka ithibitishwe vinginevyo. Anayewapa fedha leo ili mumwachie fidia ya ulemavu ya miezi ijayo anawapa mkataba ambao sheria haiutambui. Msitie sahihi. Leteni karatasi hiyo kwetu, pamoja na hati DD 214 na nakala ya hukumu, tuisome pamoja bila malipo.