Motokaa Yako Ikikohoa: Habari za Bomba la Moshi

Somo letu la leo ni habari za bomba la moshi, ambalo mafundi huliita ekzosi, pamoja na maradhi ya injini yanayojulikana kwa kutazama moshi. Nasema hasa na wewe mwenye motokaa ndogo ya nyumbani iliyokwisha kuzeeka, kama zile Toyota za miaka 20 au zaidi ambazo ni nyingi sana katika barabara zetu.

Kwanza nitawaeleza kisa kilichonipata mimi mwenyewe. Wakati wa masika nilisafiri kutoka Morogoro kwenda Dodoma pamoja na mke wangu na watoto watatu. Motokaa yangu ilikuwa imenguruma mwezi mzima. Fundi aliniambia, "Hiyo ni kelele tu, mwalimu. Gari si linatembea?" Nami nikapenda kumsadiki, maana ada za shule zilikuwa zimekaribia. Njiani mvua ikanyesha, tukafunga vioo vyote. Tulipopita Gairo watoto wakaanza kulalamika kuumwa kichwa, na mdogo akatapika. Nikadhani ni uchovu wa safari. Kisha yule wa kati, ambaye hanyamazi hata usingizini, akanyamaza. Mama yake akamwita mara tatu, asiitike.

Nikasimama, nikafungua milango yote, tukawatoa nje mvuani. Baada ya kitambo mtoto akafumbua macho. Tukawapeleka hospitali, na kwa bahati njema wote wakapona. Fundi mwingine alipotazama chini ya gari, aliona bomba limetoboka mbele ya sailensa, na sakafu chini ya kiti cha nyuma imeliwa na kutu. Moshi ulikuwa ukiingia walikokaa watoto wangu.

Basi yafaa tujue ni kitu gani kilichotaka kuwaua. Katika moshi wa petroli mna gesi iitwayo kaboni monoksaidi. Haina rangi wala harufu. Mtu akiivuta, hujishika na damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni mara 200 na zaidi, hata damu ikashindwa kupeleka oksijeni mwilini. Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na usingizi mzito. Wengi huzidhania kuwa malaria, lakini mwili hauna homa. Dalili zikiwapata watu wawili au watatu pamoja ndani ya gari, usingoje. Simamisha gari, zima injini, watoe watu kwenye hewa safi, uwapeleke hospitali, na umwambie daktari habari za moshi.

Sasa, bomba hutobokaje? Petroli ikiungua hutoa maji. Lita moja ya petroli hutoa karibu lita moja ya maji, yakiwa mvuke. Katika safari ndefu bomba hupata moto sana na mvuke wote hutoka. Lakini motokaa iendayo sokoni na kurudi tu, bomba lake halipati moto wa kutosha. Maji hubaki ndani ya sailensa, nayo huliwa na kutu kutoka ndani. Kwa nje waona chuma kizima, kumbe ndani kimekwisha.

Tena tundu hilo laweza kuidanganya injini. Katika motokaa za siku hizi bomba lina kifaa cha kupima oksijeni. Tundu likiwa mbele yake, hewa ya nje huingia, nacho hudhani petroli ni kidogo, hivyo injini huongezewa petroli bila haja. Petroli hiyo ya ziada hukiunguza kile chombo cha kusafishia moshi, ambacho mafundi hukiita masega kwa sababu kina vitundu kama sega la nyuki. Masega yakiyeyuka na kuziba, gari hukosa nguvu mlimani. Hivyo tundu dogo lisilozibwa huzaa gharama kubwa.

Na tutazame rangi za moshi. Mvuke mweupe asubuhi ya baridi, unaokwisha injini ikipata moto, si ugonjwa. Lakini moshi mweupe usiokwisha, na maji ya rejeta yakipungua, ni dalili kwamba gasketi ya silinda hedi imeungua. Usiendelee na safari, wala usifungue kifuniko cha rejeta ikiwa ya moto. Moshi wa buluu maana yake oili inaungua: ukitoka wakati wa kuwasha tu, mara nyingi ni sili za valvu; ukitoka kila ukikanyaga mafuta, yaelekea ringi za pistoni zimechakaa. Moshi mweusi maana yake petroli imezidi. Anza kwa kutazama chujio la hewa na plagi.

Kupima bomba ni kazi rahisi. Washa injini ikiwa baridi, mahali pa wazi, wala si ndani ya banda. Mwenzako azibe mdomo wa bomba kwa kitambaa kinene kilicholowa, kwa nukta chache tu, naye ageuzie uso pembeni. Wewe sikiliza: penye tundu patalia kama nyoka. Tazama pia penye masizi kwenye maungio. Lakini usiingie kamwe chini ya gari lililoinuliwa kwa jeki peke yake.

Kwa kifupi: usilale ndani ya gari huku injini inanguruma, usiendeshe buti likiwa wazi, maana moshi huvutwa ndani, na usikubali kuambiwa kwamba kelele ni kelele tu. Mimi nilikubali, na nusura nilipe kwa mtoto.

Maswali ya kuzungumza katika kundi lenu:
1. Kwa nini safari fupi huharibu sailensa upesi?
2. Abiria wote wakiumwa kichwa pamoja, mtafanya nini kwanza?
3. Motokaa ya jirani yatoa moshi wa buluu kila asubuhi. Mtamshauri nini?