Juu ya Kuendesha Motakaa katika Barabara Kuu: Maneno kwa Wenzetu Wenye Hofu

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama katika mkutano wa Majengo, Sumbawanga)



Tumeagizwa na Halmashauri ya Chama tuseme nanyi leo juu ya jambo ambalo wengi wetu hulisema kwa siri tu, yaani hofu ya kutoka mjini na motakaa na kuingia katika barabara kuu. Karani aweza kujizoeza miezi mizima katika njia za Majengo, akapita sokoni na stendi pasipo kumgusa hata kuku, akapata leseni yake kwa haki. Walakini siku aambiwapo apeleke gari Laela au Tunduma, viganja hutoka jasho. Hatuoni aibu katika jambo hilo. Baadhi yetu tunaosema hapa tuna leseni za miaka mingi, na jasho hilo twalijua.

Barabara yenyewe ina sehemu yake katika hofu hii. Njia ya kutoka hapa hata Tunduma, yapata kilometa 223, ilitiwa lami kwa fedha za mapatano ambayo Serikali yetu ilitia sahihi pamoja na Marekani mwezi wa Februari 2008. Kabla ya hapo mashimo, vumbi na tope ndivyo vilivyokuwa askari wa trafiki. Hata aliyetaka kukimbia hakuweza. Lami ilipokuja, safari ya kutwa ikawa ya saa chache, na watu wakajifunza mbio mapema kuliko walivyojifunza adabu ya mbio.

Sasa twaomba ruhusa tusimulie habari moja, ambayo mwenyewe ametukubalia isemwe, ila jina lake lisitajwe. Mwezi wa Julai, wakati wa mavuno, tulikuwa watano ndani ya gari moja tukirudi kutoka mazishini upande wa Laela. Aliyeshika usukani ni mwenzetu mwenye leseni ya miezi minne, na gari ni lake, alilinunua kwa mkopo unaokatwa katika mshahara wake. Kando yake aliketi mkewe, na sisi watatu nyuma. Alikwenda kilometa 70 kwa saa, na alikwenda vizuri. Mara likatokea basi nyuma yetu, likapiga honi na kuwasha taa kali. Yeye akatazama kioo, akatazama mbele, akatazama kioo tena. Ndipo sisi tuliokaa nyuma, watu wazima, tukaanza kusema: "Kaza mwendo, bwana, watutia aibu." Akakaza. Akafika 110. Baada ya kona tukakuta lori la mahindi likipanda kilima polepole. Akashika breki kwa nguvu, magurudumu ya kushoto yakatoka katika lami na kuangukia changarawe. Kwa kushtuka akavuta usukani kulia kwa nguvu, na gari likageuka, likavuka barabara, likaingia katika shamba lililokwisha kuvunwa. Mungu alitaka lori lingine lisije wakati ule. Mke wa mwenzetu alivunjika mfupa wa bega. Basi likapita, likaenda zake.

Watu walisema mengi, na wengine wakataja uchawi, kama ilivyo desturi ya wavivu wa kufikiri. Jina la mji wetu, kwa tafsiri ya wenyeji, latuambia tuutupe uchawi; basi na tuutupe. Katika ajali ile hapakuwa na mchawi, ila dereva mmoja aliyeendeshewa gari lake na watu wengine: mwenye basi kwa honi yake, na sisi kwa midomo yetu.

Hayo ndiyo tuliyotaka kuwaambia wenzetu wapya. Mwenye hofu hakosi kwa sababu haoni hatari; mara nyingi huiona kuliko sisi. Hukosa kwa kuwa huona haya kumcheleweshea mtu wa nyuma, na kwa haya hiyo huacha mwendo alioujua na kushika asioujua. Ninyi ni watu wa ofisi. Je, mwapokea amri isiyo na sahihi wala muhuri? Honi haina sahihi. Na sheria yenyewe i upande wenu: katika makazi ya watu hakuna gari liruhusiwalo kuzidi kilometa 50 kwa saa, na mabasi na magari mazito hayaruhusiwi kuzidi 80 hata njia ikiwa nyeupe. Mtu aendaye 80 hamzuilii basi haki yoyote.

Walakini haki peke yake haitoshi kumtoa mtu nyuma yako. Afadhali apite. Shika upande wako wa kushoto, usibadili mwendo ghafula, na utakapoona mbele pameonekana vema, punguza kidogo kidogo ili naye apite upesi. Usiingie katika changarawe kwa mbio kwa ajili ya kumpisha. Ukiona nafasi pana, kama mbele ya duka au kituo cha basi, washa taa ya kuashiria kushoto mapema, ingia taratibu, simama, acha msafara wote upite, unywe na maji. Hakuna aliyekufa kwa kusimama dakika mbili.

Na kama magurudumu yametoka katika lami, kama yalivyotoka yetu? Ushike usukani imara na gari liende moja kwa moja. Ondoa mguu katika moto, usikanyage breki kwa nguvu, acha gari lichoke lenyewe. Mwendo ukiisha kupungua sana, tazama nyuma, kisha rudi barabarani polepole. Mwenzetu angalijua maneno haya machache, tungalifika nyumbani tukiwa na vumbi tu.

Juu ya kulipita gari lililo mbele, twaomba mfanye hesabu, maana hesabu ni kazi yetu. Lori la trela laenda 60, nawe waenda 80. Tofauti ni kilometa 20 kwa saa, yaani kama meta tano na nusu tu kwa sekunde. Ukihesabu urefu wa lori, na nafasi ya salama nyuma yake na mbele yake, wataka kupata kama meta 60. Hizo ni sekunde 11, na katika sekunde hizo gari lako limekwenda karibu meta 250. Ajaye mbele kwa mwendo kama wako naye amekwenda 250. Basi wahitaji nusu kilometa ya njia tupu inayoonekana kwa macho. Usipoiona, kaa nyuma. Madereva wa malori wana desturi ya kukuashiria kwa taa: ya kulia kwamba usipite, ya kushoto kwamba njia ni tupu. Ni hisani njema, nasi twawashukuru. Lakini taa ya kulia yaweza pia kuwa ya mtu anayekata kona, na ile ya kushoto ya mtu anayetaka kusimama. Ipokee kama habari, kisha thibitisha mwenyewe.

Umbali wa kumfuata mtu hupimwa kwa kuhesabu. Gari la mbele lipitapo nguzo, sema taratibu "elfu moja na moja, elfu moja na mbili". Ukifika nguzoni kabla hujamaliza, umekaribia mno. Kwa mwendo wa 80 gari hukata meta 22 kila sekunde. Mvua ikinyesha, au ukungu ukishuka juu ya uwanda huu wetu wa Ufipa, ongeza hesabu hata nne. Matawi mabichi yakilazwa barabarani, jua kwamba mbele kuna gari lililoharibika, usingoje kuliona. Jioni za mavuno mikokoteni ya ng'ombe hurudi na mahindi pasipo taa, kwa hiyo mgeni wa barabara asisafiri baada ya magharibi. Nao wanaoteremka Lyamba lya Mfipa kwenda bonde la Ziwa Rukwa waingize gia ndogo kabla ya mteremko kuanza, maana breki ikikanyagwa mfululizo hupata moto na kukataa kazi.

Wengine watauliza kama hawatachelewa. Kutoka Laela hata hapa ni yapata kilometa 95. Aendaye 80 pasipo kusimama hutumia dakika 71. Aendaye 100, dakika 57. Bega la yule mama lilivunjwa kwa ajili ya dakika 14, na wala hatukuzipata.

Mwenzetu huyo haendeshi tena. Gari limefunikwa turubai nyuma ya nyumba, na mkopo hukatwa kila mwisho wa mwezi. Mama yake mzazi, aliye mzee, huja kliniki kwa basi kutoka kijijini, akisimama pale viti vikijaa. Sisi tulikwenda kumwomba radhi yeye na mkewe, kwa kuwa maneno yaliyomsukuma yalikuwa yetu. Mkewe ndiye aliyetujibu, akasema kwamba radhi ameipokea, lakini mumewe hatarudi usukanini kwa radhi. Atarudi kwa kufanya mazoezi.

Kwa hiyo Halmashauri imekubali mpango huu. Jumamosi ijayo, saa mbili asubuhi, tutaondoka hapa Majengo kwenda Laela, gari la mwanachama mzoefu mbele na lile la turubai nyuma yake, mwenyewe akiendesha na mkewe kando yake, kwa mwendo atakaouchagua yeye. Tutakunywa chai Laela na kurudi kabla ya saa tisa. Katika gari lake viti vya nyuma ni vitatu. Anayetaka kiti aandike jina kwa Bwana Mwandishi, na sharti lake ni kunyamaza njia nzima.