Kura Yetu Shuleni



Septemba 2023, Halmashauri ya Jiji la Birmingham ilipotangaza kuwa fedha haziitoshelezi, wengi mliuliza: je, shule zitafungwa? Hapana. Fedha za shule hutoka serikali kuu, nyingi zikihesabiwa kwa idadi ya wanafunzi. Shule za akademi hata hazipitii kwa jiji. Wizara ya Elimu huzilipa moja kwa moja.

Ila lipo fungu la ziada, kwa ajili ya watoto wa familia zenye kipato kidogo. Hapo ndipo tunapojipunja. Hadi Mwaka wa 2 watoto wote hula bure, basi mzazi huona fomu ya nini? Wengine, tuseme kweli, tunaona haya. Fomu isipojazwa, shule hukosa fungu hilo.

Tena kila bodi ya shule ya jiji inatakiwa kuwa na wazazi wasiopungua wawili, waliochaguliwa na wenzao. Bodi ndiyo hupitisha bajeti. Nyumbani tuliiita kamati ya shule. Kwa mwanangu nafasi ilikaa wazi miezi. Nilisita kwa sababu ya Kiingereza changu. Juzi barua ya uchaguzi imekuja tena. Nimeandika jina.