KUTANGAZA KITUO CHA WATOTO KWA SIMU YAKO: NILIYOFANYA NA NILIPOKOSEA

(Haya ni maelezo niliyotoa kwenye semina ya ujasiriamali ya vijana wa kata yetu. Wengi mliomba yawekwe hapa, nimeyaacha karibu kama nilivyoyasema.)



Ajira tunaidai kila siku, na tutaendelea kuidai. Ila wakati tunadai, kodi ya nyumba haisubiri. Mimi nalea watoto mchana huku Mbagala, na nimeambiwa nieleze napataje wateja bila kulipia tangazo.

Nilianza na watoto watatu, mmoja wa dada yangu ambaye hata halipi. Nikachapisha vipeperushi, hela ikaisha, simu haikulia. Ndipo nikageukia simu yenyewe.

Cha kwanza ni WhatsApp Business. Kuipakua ni bure. Ina sehemu ya kuandika mahali ulipo na saa za kazi. Mimi nafungua saa kumi na mbili asubuhi, maana mama anayewahi sokoni hawezi kumleta mtoto saa mbili. Hilo nililiandika juu kabisa, na liliniletea watu kuliko picha yoyote. Kuna pia ujumbe wa salamu unaojituma wenyewe mtu akikuandikia mara ya kwanza. Weka humo umri unaopokea, chakula unachotoa na bei. Jamani, bei iandikeni! Mzazi anapiga hesabu ya nauli na ada, ukimwambia "njoo inbox" anaenda kwa mwingine.

Ukitaka kutuma tangazo kwa wengi, orodha moja ya broadcast inabeba hadi watu 256, ila asiyeisevu namba yako halimfikii. Kwa hiyo mzazi akija kuulizia, mwombe aisevu pale pale.

Cha pili, jiweke kwenye ramani ya Google. Unasajili biashara bure, wanaithibitisha, mara nyingi kwa video ya eneo lako. Mtu akitafuta "day care Mbagala" unaweza kutokea, na njia anaonyeshwa. Mzazi aliyeridhika mwombe aandike maoni. Usimpunguzie ada ili akusifie. Google wamekataza, halafu sifa za kununua watu wanazijua.

Sasa niwaambie nilipokosea.

Nilifungua ukurasa wa Facebook nikawa napost watoto: huyu anakunywa uji, yule amelala, na majina yao chini. Like zikamiminika, nikaona nimefika. Siku moja mwanaume akasimama getini akamwita mtoto mmoja kwa jina, anataka kuondoka naye. Mama wa mtoto yule alikuwa amehama mtaa kumkimbia mtu huyo, mimi sikujua. Bahati nzuri mlezi wangu alikataa, kwa sababu jina lake halikuwa kwenye orodha ya wanaoruhusiwa kumchukua mtoto. Jioni mama akaja, akaniambia, "Nilikuletea mtoto umlinde, wewe umemtangaza." Hakurudi tena. Wala simlaumu.

Tangu hapo napiga picha za chumba, jiko, vyoo, michezo, au mikono ya watoto ikifinyanga udongo. Sura hapana, jina hapana. Mzazi akitaka mwanawe aonekane, anasaini kwenye fomu, na akibadili mawazo picha naifuta. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, inayohesabu taarifa za watoto kuwa nyeti. Hata isingekuwepo, fikiria ni mwanao.

Jambo lingine, usajili. Chini ya Sheria ya Mtoto ya 2009, kituo cha kulelea watoto kinatakiwa kusajiliwa. Anzia kwa Afisa Ustawi wa Jamii wa halmashauri yako. Usiandike "tumesajiliwa" kama bado. Ukishapata cheti, kipige picha ukiweke kwenye ukurasa wako. Mimi wazazi wengi wanaanza kukiulizia hicho kabla ya ada.

Na msidanganyike na neno bure. Bando unanunua, muda unatumia. Ujumbe wa mzazi ukikaa siku mbili bila jibu, anajiuliza mtoto akipata homa utampigia saa ngapi. Mimi nimejiwekea saa ya kujibu: watoto wakilala mchana, mlezi mwenzangu akiwa anawaangalia.

Leo usiku kila mwenye kituo, au anayefikiria kufungua, afanye kitu kimoja tu: apitie picha alizokwisha kuweka, na kila yenye sura ya mtoto ambayo mzazi hakuridhia aifute. Hayo mengine kesho.

 Maswali nayakaribisha.