Ua Lisilo na Jina



Nyanda za Kitulo, zilizo baina ya Mbeya na sehemu iliyokuwa ya Mkoa wa Iringa hadi mwaka 2012, zina okidi za aina zaidi ya 40. Mtaalamu apatapo ua asilolijua, hulikausha pamoja na kiazi chake, huandika kimo, rangi na mahali lilipoota, kisha hulilinganisha na yaliyohifadhiwa, ndipo hulipa jina.

Lakini viazi hivyo pia huchimbwa na kuvushwa Zambia kupikwa chikanda. Na achimbaye kiazi ameondoa mmea mzima. Hifadhi ya Taifa iliyoanzishwa mwaka 2005 hulinda sehemu ya nyanda hizo. Nje ya mipaka yake, ua lisilo na jina laweza kwisha pasipo yeyote kujua kwamba lilikuwapo.